Mshono Usioachia

Bi Turubai haogopi binadamu. Amewahi kumfukuza dereva wa lori mpaka barabarani kwa mti wa kupimia, kisa dereva alidai mshono wake umepinda, na mshono haukuwa umepinda. Lakini upepo ukianza tu kuvuma, ile plastiki tuliyoziba nayo dirisha ikaanza kupiga pa-pa-pa, mwanamke huyohuyo anaacha cherehani, anasogea mlangoni na kuangalia juu kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Nimefanya naye kazi tangu sote wawili tuna viuno, na hilo halijabadilika.

Tunashona maturubai: vifuniko vya malori, mahema ya sherehe, miavuli mikubwa ya migahawa. Mimi ndiye mkataji, ndiyo maana naitwa Mkasi. Wapo wanaosema jina limetokana na ulimi wangu, na hao siwajibu. Yeye ndiye mshonaji. Sindano ya cherehani yake ni nene kama msumari, na mkono wake wa kulia una misuli ambayo mumewe, fundi wa mafriji, hajawahi kuwa nayo. Jina la Turubai alipewa na wateja, akalipenda kuliko alilopewa na wazazi. Ana sheria moja katika karakana, na anaitaja kila siku utadhani hatujaisikia jana: hapa hakitoki kitu kimelegea. Ukimletea turubai limechanika pembeni, atashona pembeni, halafu atapitisha kidole gumba kwenye mishono mingine yote, na akikuta mmoja unacheza ataushona na huo bila kukuuliza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, anasema. Wateja wanampenda kwa hilo.

Sheria hiyo ina kisa. Zamani, mwanzoni kabisa mwa kazi, alishona hema la harusi. Siku ya sherehe ukaja upepo wa ghafla, hema likang'oka vigingi upande mmoja. Mjenga mahema tunayemwita Mrefu akaikimbilia kamba, akaizungusha mkononi, akajitia kulizuia. Hema likamnyanyua. Waliokuwepo wanasema alipita juu ya magari akipiga miguu kama mwendesha baiskeli, na wanacheka wakisimulia, kwa sababu Mrefu alipona. Huko juu kitanzi cha kamba kilikatika, akaanguka kwenye saruji, nyonga ikavunjika. Mpaka leo anachechemea. Kila mtu alisema Mrefu alitakiwa kuiachia kamba mapema, miguu ikiwa bado chini. Bi Turubai hakulisikia hilo. Alisikia jambo moja tu, kwamba kitanzi chake kilikatika.

Sasa, mtu wa namna hiyo Mungu akampa kitinda mimba anayependa upepo.

Binti tunamwita Kiberiti, kwa kuwa ni mdogo wa umbo na huwaka upesi. Anafanya kazi kwenye duka la miwani, anapima watu macho. Ukimwona na koti lake jeupe, sauti yake ya upole, "soma mstari wa chini, mzee wangu," huwezi kuamini kwamba siku za mapumziko mtu huyo hujifunga mkanda kiunoni, akaunganishwa kwa kamba na tiara, ile ya kurushwa angani kwa upepo, kubwa kama paa la kibanda, akasimama juu ya ubao na kuburutwa baharini kwa mbio za pikipiki. Kwa hiari yake. Tena anaita kupumzika.

Siku aliyotangaza safari nilikuwepo, nyumbani kwao, tumemaliza kula. Alifuta meza, akaweka simu katikati, akatuonyesha picha za kisiwa. Kisiwa chenyewe kiko mbali, bahari pande zote. Kilizaliwa mlima wa moto ulipotapika, kwa hiyo ardhi ni nyeusi, ufuko ni mweusi, na mawe yanayoingia baharini ni meusi na makali kama chupa iliyovunjwa. Miti hakuna.

"Kwa nini hakuna miti?" nikauliza.

"Upepo, Mama mdogo! Msimu wenyewe unavuma kutwa, kila siku, hausimami!" Alisema hivyo kwa uso wa mtu anayetangaza posa. "Watu wanatoka dunia nzima kuufuata. Nimeomba likizo, nimekubaliwa. Na wenzangu wa mchezo wawili tunakwenda nao. Mama, unaonaje?"

Bi Turubai aliinama kuiangalia ile picha ya mawe. Akaiangalia sana.

"Pazuri," akasema. Akakusanya sahani, akaingia jikoni.

Nilipomfuata nilimkuta ameshika karo kwa mikono miwili, bomba linamwaga maji, na sahani hajagusa hata moja.

"Mwambie asiende," nikamnong'oneza.

"Wewe Mkasi, usinitie balaa ndani ya nyumba yangu!"

Hapo lazima nieleze, maana bila hivyo mtamwona mjinga, na si mjinga. Katika ukoo wao safari haitajiwi ubaya. Maneno huumba, ndivyo mama yake alivyomlea. Mjomba wao mmoja alipokuwa anapanda lori kwenda kazini, mtu akamwambia kwa mzaha "angalia usidondoke," na kweli akadondoka. Tangu siku hiyo anayesafiri huambiwa "nenda salama, urudi salama," na mengine yote yanamezwa. Huruhusiwi kusema utaumia. Huruhusiwi hata kuuliza hospitali iko wapi, kwa kuwa anayeuliza hospitali ameshamlaza mtu kitandani. Nyumba nzima inaishi hivyo, na mimi niliyezaliwa kwingine nilikuwa nachunga ulimi wangu nikiwa chini ya paa lao, kazi isiyo ndogo.

Basi mipango ikaendelea, na yule mama akawa anaimeza hofu yake nzimanzima. Kiberiti alikuwa anapita karakana karibu kila jioni akitoka kazini, kutuonyesha nyumba watakayofikia, njia ya kutoka uwanja wa ndege, ufuko watakaoanzia. Mama anatikisa kichwa, anauliza maswali ya kuzungukazunguka.

"Huko maduka yapo?"

"Yapo, Mama."

"Maduka ya kila kitu? Hata ya... bandeji?"

"Bandeji za nini?"

"Si unajua viatu vipya huchubua."

Baba naye alikuwa na wazimu wake. Alijifunza kuangalia upepo wa kile kisiwa kwenye simu, na kila asubuhi kabla ya salamu anautangaza: leo mkali, leo mkali zaidi. Hasemi naogopa. Anatangaza tu, kisha anakwenda kufungua friji ya mtu. Nilimwambia mkewe, mumeo akiendelea hivi atakuja kuajiriwa redioni. Hakucheka. Chakula kilikuwa hakimpiti. Alikuwa akishona mstari unakwenda kombo, anaufumua, anarudia, na unakwenda kombo tena. Miaka yote hiyo sikuwahi kuona mstari wake ukienda kombo. Nami nikaanza kuogopa kwa sababu ya hilo, kuliko kwa sababu ya kisiwa chenyewe.

Wiki chache kabla ya safari, Kiberiti akaja amebeba begi kubwa mgongoni. Tiara yake, aliyoinunua kwa mtu, nzee kidogo, imechanika kwenye ukingo. "Mama, nimpelekee nani mwingine? Wewe ndiye fundi." Akaliacha begi lote, tiara na kamba na mkanda wa kiunoni, akawahi wagonjwa wake wa macho.

Yaliyofuata sikuyaona, nilikuwa nimekwenda kununua uzi. Alinisimulia mwenyewe baadaye. Alishona ule mpasuko kwa uzi mwembamba, vizuri, kwa sindano ndogo aliyoazima. Kisha akafanya anachofanya siku zote: akapitisha kidole gumba kwenye mishono mingine. Tiara, sawa. Kamba, sawa. Akafika kwenye mkanda, pale kamba zote zinapokutana na kiuno cha mwanawe, akakuta kitanzi kinachoshikwa na kijiti cha chuma, na juu yake ulimi mwekundu wa kitambaa uliobandikwa kwa ile mikanda ya kunata ya viatu vya watoto. Akauvuta kidogo ule ulimi kuona. Kijiti kikachomoka, kitanzi kikafunguka, kila kitu kikaanguka sakafuni.

Mtoto wake ananing'inia juu ya bahari kwa kitu kinachofunguka kwa vidole viwili! Akilini mwake alimwona yuko juu kabisa, juu ya yale mawe meusi, kitanzi kinaachia. Hakumlaumu mtu, alifikiri kimeisha kwa uzee. Akakirudisha kijiti mahali pake, akalaza ule ulimi mwekundu vizuri, akaubana kwa mshono wa sanduku: mraba, na msalaba katikati, uzi wa kifuniko cha lori, mara mbili. Akapitisha kidole gumba. Haukucheza. Usiku huo, aliniambia, ndiyo mara ya kwanza tangu zile picha alilala mpaka asubuhi.

Na kwa binti hakutaja. Angetajaje? Kumwambia mtu "nimekaza hapa usianguke" ni kutaja kuanguka.

Siku ya mapumziko iliyofuata Kiberiti akatualika ufukweni. "Njooni mnione nikifanya mazoezi. Mtaacha kuogopa."

"Nani kasema anaogopa?" mama yake akajibu, mkali.

Baba akasema ana friji ya mtu. Tukaenda sisi wawili. Sikumbuki siku nyingine nilipomwona Bi Turubai katulia hivyo kwenye upepo. Alikaa mchangani amekunja miguu, nguo ameikamata isipeperuke, na alikuwa anakula karanga. Anakula! Nilifurahi, nikadhani amezoea. Mbele yetu Kiberiti anaijaza tiara upepo kwa pampu, anatandaza kamba, haraka haraka, ana hamu ya kutuonyesha. Mwenzake wa mchezo, mwanamume mnene mwenye kipara, alikuwa ameshika tiara kwa upande wa pili akingoja. Nilikuja kuambiwa kwamba kabla ya kuingia majini mtu lazima ajaribu vifaa vyake vyote, kimoja kimoja. Kiberiti siku hiyo alijaribu tabasamu lake tu.

Nami pale sikuwa chini ya paa lao. Ulimi ukaniwasha, nikauliza swali ambalo nyumba nzima ilikuwa imelimeza miezi yote hiyo.

"Hivi mwanangu, hilo dude likikukokota?"

Mama yake alinipiga kofi la pajani. Lakini Kiberiti akacheka, akashika ule ulimi mwekundu kiunoni. "Ndiyo kazi ya hiki, Mama mdogo! Navuta hapa tu, kila kitu kinaachia, tiara inaanguka kama nguo iliyotoka kambani. Hiki ndiyo roho yangu." Akakipigapiga kwa kiganja, akampungia yule mwenye kipara, tiara ikapaa, na yeye huyoo, majini.

Nilimgeukia mwenzangu nimwambie unaona, hakuna shida. Karanga zilikuwa zimemwagika mapajani mwake.

"Nimekishona," akasema.

"Umeshona nini?"

"Hicho. Nimekishona, Mkasi. Mshono wa sanduku."

Tangu nianze kufanya naye kazi sijaona mshono wa sanduku wa Bi Turubai ukifunguka, na malori yamejaribu.

Alikuwa ameshainuka. Mwanamke asiyewahi kuingiza baharini zaidi ya vidole vya miguu alikimbia na nguo zake zote mpaka maji yakamfika kiunoni, akipiga kelele. "Rudi! Rudi! Utakufa!" Aliyasema yote, maneno yote ya mwiko, moja baada ya jingine, kwa sauti ya juu kabisa, na upepo ukayachukua ukayarudisha nchi kavu kwangu. Kiberiti hakusikia hata moja. Mama akavua kitambaa cha kichwani, akakipunga kwa mikono miwili. Kule mbali binti akakiona. Akadhani anashangiliwa. Akainua mkono naye akapunga, kisha, kwa ajili ya mama yake, akaruka. Akapanda juu sana, juu ya maji, mdogo kama kijiti cha kiberiti kweli.

Alipotua, upepo ukabadilika. Mimi si mjuzi, nilichoona ni tiara kupinduka, kupiga mbizi na kuinuka tena kwa nguvu, na Kiberiti hayuko tena juu ya ubao. Alikuwa kifudifudi, anachana maji kuelekea kwenye ukuta wa mawe wa kuzuia mawimbi. Nikaona mkono wake ukienda kiunoni. Ukavuta. Ukavuta tena. Kisha mikono yote miwili ikawa kiunoni, na kichwa kinazama na kuibuka, na bado anakwenda.

Siku moja katika maisha yangu nilipohitaji mkasi, mkasi ulikuwa karakana. Nilikimbia hivyohivyo mikono mitupu, nikilia kwa sauti bila kujijua.

Kilichomwokoa ni kwamba mama yake alikuwa majini, kati yake na ukuta. Hakupanga, ni pale alipokuwa amesimama akipunga. Binti alipopita akamdaka kiunoni, akamkumbatia, na uzito wa Bi Turubai, ambao nimeutania miaka yote na sitautania tena, ukazikawiza zile kamba. Wakaburutwa wote wawili. Tiara ikatangulia kufika ukutani, ikajikwaa kwenye mawe, ikapasuka, na yule mwenye kipara akajirusha juu yake kwa tumbo. Kamba zikalegea. Mimi nilifika nikawashika nguo, sijui ya nani, nikavuta.

Mchangani Kiberiti alikohoa maji, akatapika, akakaa. Magoti yalikuwa yanavuja damu. Jambo la kwanza alilofanya ni kuushika ule ulimi mwekundu na kuuvuta. Akauangalia. Akaona mraba, akaona msalaba katikati. Amekulia chini ya cherehani ile, hakuhitaji kuuliza, lakini akauliza.

"Mama, umeshona wewe?"

"Mimi." Meno yake yalikuwa yanagongana. "Niliona kinafunguka. Niliogopa kitakuachia."

Nilingoja awake, kama jina lake. Hakuwaka. Alianza kutetemeka, kuanzia mikono, mpaka tunamfikisha kwao.

Kesho yake mchana alikuja karakana amevaa koti jeupe la kazini, begi mgongoni. Akalitua juu ya meza yangu, juu ya kifuniko nilichokuwa nakikata.

"Fanyeni mnachotaka," akasema. "Kateni, gaweni, shoneni kifuniko cha pikipiki. Mimi siendi."

Mama yake alisimamisha cherehani. "Huendi wapi?"

"Huko kisiwani. Naogopa, Mama. Nikifumba macho tu, navuta na hakifunguki. Leo nimempima mzee mmoja macho, mkono unatetemeka mpaka ameniuliza kama naumwa."

Nilimtazama Bi Turubai, na nikaona furaha ikimpanda usoni. Sisemi uongo, niliiona. Miezi yote hiyo haja yake ilikuwa maneno hayo mawili, mimi siendi, na yamekuja yenyewe, hakuyatoa yeye. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na furaha ile pia nadhani ni mzazi tu aijuaye. Nami nikasema moyoni, alhamdulillahi, yameisha.

Kisha akamwangalia mwanawe vizuri, mikono yake, namna alivyoificha mifukoni mwa koti. Furaha ikamshuka. Niliiona ikishuka pia.

Alilifungua begi, akatoa mkanda, akachukua wembe, akaanza kufumua. Kazi ilichukua muda, maana alikuwa ameifanya kwa moyo wote. Uzi ulitoka kipande kipande, na kila kipande alikivuta kwa meno. Akasafisha ile mikanda ya kunata kwa ncha ya sindano. Akapaka kijiti mafuta ya cherehani.

"Vaa."

"Mama, nimesema..."

"Nimesikia ulichosema. Vaa."

Kiberiti akavaa mkanda juu ya koti jeupe. Mama akachukua mkanda mrefu wa kufungia mizigo ya lori, akaunganisha na kitanzi, akazungusha upande wa pili kiunoni mwake mwenyewe, akarudi nyuma mpaka ukakaza.

"Shika nguzo kwa mkono mmoja. Mimi ndiye upepo."

"Mama, acha mchezo."

Hakuwa anacheza. Alijilaza nyuma kwa uzito wake wote, na binti akaanza kuteleza juu ya sakafu, nguzo ikamtoka mkononi, kiatu kikamvuka, akawa anakwenda kuigonga meza yangu ya kukatia.

"Vuta!" mama akapiga kelele.

Mkono wa Kiberiti ulifika kwenye ulimi mwekundu ukaganda hapo.

"Vuta!"

Akavuta. Kijiti kikachomoka, kitanzi kikafunguka, na Bi Turubai akaanguka chali juu ya saruji kwa kishindo kilichotikisa makopo ya uzi. Nilitaka kucheka, nikaona uso wake, nikaacha. Alikuwa anaogopa kuliko nilivyowahi kumwona, kuliko hata majini.

"Tena," akasema.

Walirudia. Akaanguka tena. Mara nyingine alivuta polepole, mara nyingine akamshtukiza binti akiwa anavaa kiatu. Na safari hii alikuwa anaongea, kila alipoinuka, anahema, anayataja yale yote ambayo kwao hayatajwi. "Ukikokotwa, vuta. Ukiona mawe, vuta. Ukinywa maji, vuta. Usingoje ukadhani utaweza. Tiara ikienda, iende, tutashona nyingine. Hospitali ya huko iko wapi?"

"Mjini, Mama, si mbali na ufuko."

"Unaijua njia?"

"Nitaiangalia."

"Iangalie leo."

Mkono wa binti ulikuwa umeacha kutetemeka. Ulikuwa unakwenda wenyewe sasa, bila yeye kuuangalia, na kila mara kitanzi kilifunguka. Mama yake alikuwa amekaa sakafuni, kitambaa kimemtoka kichwani, mkono mmoja ameuweka kwenye nyonga.

"Tiketi nilikuwa niende nikairudishe jioni hii," Kiberiti akasema taratibu.

Nilimwona Bi Turubai midomo ikimcheza, na nilijua neno lililokuwa mlangoni, kwa kuwa lilikuwa pale tangu siku ya zile picha. Angelisema tu, mtoto angebaki, tena angemshukuru.

"Usiirudishe," akasema.

Halafu akaanza kulia, waziwazi, kama mtoto, machozi yanachuruzika mpaka shingoni na hayafuti. "Naogopa, mwanangu. Naogopa sana, nikuambie ukweli. Haya, funga tena."

Kiberiti akafunga kitanzi, akarudi kwenye nguzo.